Kupasuliwa Goti Asubuhi na Kulala Nyumbani Usiku

Aingiaye msikitini siku hizi kwa sala ya Ijumaa hakosi kuviona viti. Vimepangwa pembeni mwa safu, au nyuma karibu na nguzo, na juu yake wamekaa wazee wetu ambao zamani walikuwa wa kwanza kurukuu na kusujudu. Ukimwuliza mmoja wao sababu, hatasema neno. Atakuonyesha goti lake. Goti limemzuia kushuka, na siku likimruhusu kushuka, humzuia kuinuka.

Ndugu wasomaji, maumivu haya yameenea katika majumba yetu. Ni nadra kuikuta jamaa isiyo na mama ashukaye ngazi kinyumenyume, au baba apumzikaye mara tatu baina ya nyumba na duka. Wengi wao wameyahesabu kuwa ni sehemu ya uzee, wakanyamaza. Na sasa imetufikia habari nyingine: kwamba goti bovu laweza kutengenezwa upya kwa chuma na plastiki, na mgonjwa akarudi kulala kitandani kwake usiku ule ule. Wako waipokeao habari hii kama muujiza, na wako waionao kuwa ni hila ya mahospitali ya kuwaondoa wagonjwa upesi. Sisi twaona kuwa si hili wala si lile. Na yatupasa kuieleza jinsi ilivyo, kwa kuwa uamuzi wake si wa mgonjwa peke yake. Ni uamuzi wa nyumba nzima.

HABARI YA BI. MKUBWA MMOJA

Katika jamaa zetu yuko Bi. Mkubwa mmoja ambaye amehamia Uingereza kukaa na wanawe. Umri wake umepita miaka 68. Kwa miaka mingi alilikanda goti lake kwa mafuta, akalifunga kitambaa, akameza vidonge alivyopewa na kila jirani aliyemhurumia. Mwisho alianza kukosa usingizi kwa maumivu, na akaacha kutoka nje. Alipopelekwa kwa daktari wa mifupa, aliambiwa kuwa gegedu la upande wa ndani na la mbele limekwisha, na kwamba akitaka aweza kupasuliwa asubuhi na kurudi nyumbani jioni.

Mwanawe mwanamume alifurahi sana, akasema, "Mama, usiogope, hutalala hata usiku mmoja hospitali." Binti yake hakusema kitu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa naye, na kazi yake ilikuwa ya usiku. Ama Bi. Mkubwa mwenyewe aliuliza swali moja tu: "Je, nitaweza kusujudu?"

Maswali haya matatu, la mwana, la binti ambalo halikutamkwa, na la mama, ndiyo yatakayotuongoza katika makala haya.

GOTI NA UGONJWA WAKE

Goti ni mahali yanapokutana mfupa wa paja na mfupa wa ugoko, na mbele yao iko pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa gegedu nyororo lenye kuteleza. Na baina yake Mwenyezi Mungu ameweka vipande viwili vya gegedu vilivyopinda mfano wa hilali, ili vipokee uzito wa mwili. Ndani mna ute unaolainisha kama mafuta katika bawaba. Gegedu likipungua, mfupa husugua mfupa, pembeni huota vimifupa vidogo, goti huvimba, hukakamaa asubuhi, na hatimaye miguu hupinda.

Watu huuita ugonjwa huu baridi yabisi, lakini jina hilo hukusanya maradhi mbalimbali. Liko lile la gegedu kulika, ambalo ndilo tunalolisema hapa. Na liko lile ambalo kinga ya mwili wenyewe hugeuka na kuvishambulia viungo, likavimbisha vidole na vifundo vya mikono. Hilo lina dawa zake mbali, na halifai kucheleweshwa. Kwa hiyo la kwanza ni kujua mtu anaumwa nini, wala si kumeza dawa ya jirani.

Sababu za gegedu kulika ni nyingi: umri, uzito wa mwili, jeraha la zamani la mchezo au la kuanguka, kazi ya kuchuchumaa na kubeba, na urithi. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya miaka 50. Wala picha ya eksirei peke yake si hakimu. Wako ambao picha zao ni mbaya na maumivu yao ni madogo, na wako wenye maumivu makubwa na picha zao si mbaya sana. Anayetibiwa ni mtu, si picha.

KABLA YA KISU

Twajua sote ile hadithi mashuhuri ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, akaeleza kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Watu wengi huishika ile sehemu ya mwisho tu, wakasema goti ni uzee basi halina dawa. Hapo ndipo wanapokosea. Uzee hauondoki, lakini goti laweza kutibiwa. Na tiba yake ya kwanza haihitaji kisu.

Tiba hiyo ni mazoezi. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa aumwaye goti hudhani kuwa kulipumzisha ndiko kulihifadhi. Misuli ya mbele ya paja ndiyo nguzo ya goti. Ikilegea, uzito wote huanguka juu ya mifupa. Kukaa juu ya kiti na kuunyoosha mguu mbele, kuushikilia kidogo na kuushusha taratibu, mara nyingi kila siku, ni dawa isiyonunuliwa. La pili ni kupunguza uzito kwa aliyenenepa. Wataalamu wamepima wakaona kuwa kila kilo moja apunguzayo mtu huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. La tatu ni bakora, nayo hushikwa kwa mkono wa upande wa pili, si wa upande wa goti linaloumwa. Wengi hukosea hapa.

Kisha huja dawa. Dawa za kupaka za kupunguza uvimbe hufaa. Vidonge vya namna hiyo, kama diklofenaki na ibuprofeni, hupunguza maumivu, lakini vikinywewa ovyo kwa muda mrefu huchoma tumbo, huharibu figo na hupandisha shinikizo la damu. Mzee mwenye kisukari au moyo asivimeze bila ya ruhusa ya daktari. Ama sindano ya dawa ndani ya goti hutuliza kwa majuma au miezi michache tu, na aliyekusudia kupasuliwa asiipige katika miezi mitatu iliyo karibu na siku hiyo, kwa kuwa huzidisha hatari ya usaha.

Yatupasa pia kuwatahadharisha wasomaji wasiuziwe kila kitu. Mwaka 2002 ilitangazwa habari ya utafiti uliofanywa Houston, Marekani, kwa wagonjwa 180. Baadhi yao waliingizwa mrija gotini, likaoshwa na kukwanguliwa. Na wengine walichanjwa ngozi tu, wala goti lao halikuguswa. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti baina yao. Kuosha goti lililolika, basi, si njia.

JE, KUPASULIWA KUNA FAIDA?

Kuna faida, lakini ina bei yake. Mwaka 2015 matabibu wa Denmark walitangaza utafiti wa wagonjwa 100 ambao wote walistahili kutiwa goti la bandia. Nusu yao walipasuliwa kisha wakafanyishwa mazoezi kwa majuma 12. Nusu ya pili walipewa mazoezi, mafunzo, ushauri wa chakula na dawa bila ya kisu. Baada ya mwaka mmoja, waliopata nafuu ya kuhesabika katika maumivu walikuwa 85 katika kila 100 kwa waliopasuliwa, na 68 katika kila 100 kwa wasiopasuliwa. Lakini madhara makubwa yalikuwa 24 upande wa kisu, na 6 tu upande wa pili. Na katika wale 50 ambao hawakupasuliwa, 13 tu ndio waliolazimika kupasuliwa katika mwaka ule.

Ewe msomaji, zitafakari hesabu hizo kwa utulivu. Zatwambia kuwa kisu hutoa nafuu kubwa zaidi, na kwamba mazoezi nayo hutoa nafuu isiyo haba kwa hatari ndogo. Kwa hiyo aliyewahi kuyajaribu mazoezi kwa miezi mitatu au zaidi kwa dhati, na bado hapati usingizi, hatembei, hajihudumii, huyo kisu ni haki yake na asilaumiwe. Ama ambaye hajajaribu kitu, asikimbilie mwisho kabla ya mwanzo.

ILIVYOFIKA KUWA KAZI YA SIKU MOJA

Wazo la goti la bandia si la jana. Mwaka 1890, mjini Berlin, tabibu Themistocles Gluck aliwatia wagonjwa viungo vilivyotengenezwa kwa pembe ya ndovu. Lakini usaha ulimshinda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Frank Gunston wa Kanada, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza pamoja na John Charnley, bingwa wa nyonga ya bandia, alibuni goti la chuma na plastiki ambalo halikuwa bawaba tu, bali liliiga mwendo wa goti la asili. Na mwaka 1974, huko New York, John Insall na wenziwe walianza kutia goti ambalo magoti mengi ya leo yametokana nalo.

Kazi yenyewe huchukua kama saa moja hadi mbili. Goti halikatwi lote, kama watu wanavyodhani. Hukatwa ncha zilizolika za mifupa miwili, tena kwa milimita chache. Mfupa wa paja huvikwa kofia ya chuma cha kobalti na kromiamu, mfupa wa ugoko hutiwa sahani ya chuma, na baina yake huwekwa plastiki ngumu inayoteleza. Mara nyingi vyote hushikizwa kwa saruji ya mifupa. Na kama ulaji umeshika upande mmoja tu, yawezekana kubadilishwa upande huo peke yake. Jeraha huwa dogo na kupona huwa kwepesi, lakini goti la namna hiyo huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi kuliko goti zima.

Zamani mgonjwa alilala hospitali majuma mawili au zaidi. Katika miaka ya 1990, Henrik Kehlet, tabibu wa Denmark, alianza kuchunguza ni kitu gani hasa kinachomweka mgonjwa kitandani baada ya kupasuliwa. Ikaonekana kuwa mara nyingi si jeraha lenyewe, bali ni maumivu, kichefuchefu, kizunguzungu, damu iliyopotea, na mazoea ya kumlaza mtu bila ya sababu. Basi kila moja likatafutiwa dawa yake. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi mgongoni badala ya kulazwa usingizi mzito. Goti lenyewe hutiwa dawa ya ganzi pande zote kabla halijafungwa. Hupewa asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa na matabibu wa Kijapani, Bibi Utako Okamoto na mumewe Shosuke, ambayo hupunguza kutoka damu. Hupewa dawa za maumivu za namna mbalimbali kwa kipimo kidogo kidogo badala ya afyuni nyingi. Na husimamishwa na kutembezwa saa chache tu baada ya kazi kwisha.

Kwa njia hiyo wiki mbili zikawa siku tano, siku tano zikawa mbili, na mbili zikawa jioni moja. Tangu Januari 2018 bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, iitwayo Medicare, iliacha kushurutisha kuwa kazi hii ilipiwe kwa aliyelazwa tu. Na tangu 2020 ikaikubali hata katika vituo vya upasuaji ambavyo wagonjwa hawalali. Kisha maradhi ya korona yakazidisha haja ya kuviacha vitanda wazi. Kwetu Afrika Mashariki magoti hutiwa pia, kama katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Lakini desturi hii ya kurudi nyumbani siku ile ile imeenea zaidi Marekani na Ulaya, ambako pia wanaishi wengi katika jamaa zetu.

NI NANI AFAAYE?

Si kila mtu. Hufaa kwa yule ambaye moyo wake ni mzima, kisukari chake kimetulia, hana upungufu wa damu, hakunenepa kupita kiasi, hana ugonjwa wa kukatikiwa na pumzi usingizini, na kabla ya kupasuliwa alikuwa akitembea mwenyewe hata kama kwa bakora. Avutaye sigara aache majuma kadhaa kabla. Mwenye meno mabovu ayatibu kwanza.

Na hata aliyetimiza yote hayo haruhusiwi kuondoka illa atimize jioni ile masharti mengine: awe ametembea kwa magongo au kwa kiegemeo, amepanda na kushuka vidato kama nyumbani kwao viko, amekojoa, amekula bila ya kutapika, hana kizunguzungu, na maumivu yake yanazuilika kwa vidonge. Likikosekana moja, hulala. Wala kulala si kushindwa. Neno "siku moja" ni nia, si nadhiri.

KITANDA KIMEHAMIA NYUMBANI

Sasa tulifikie swali la binti, ambalo hakulitamka. Wanaposema kuwa mgonjwa hatalala hospitali, maana yake ni kuwa kazi ya kumwangalia imeondoka mikononi mwa wauguzi ikaja mikononi mwenu. Kitanda hakikuondolewa, kimehamia nyumbani. Basi nyumba isiyojiandaa isimlaumu daktari.

Katika siku za mwanzo hapana budi pawe na mtu mzima mmoja usiku na mchana, asiye na kazi nyingine. Mgonjwa apate chumba cha chini ikiwezekana, na choo kilicho karibu. Mazulia madogo na mikeka ya njiani iondolewe, kwa kuwa magongo huteleza juu yake. Kiti chake kiwe cha juu, chenye mikono. Taa ya usiku iwe karibu. Vidonge viandikwe saa zake juu ya karatasi, na kila kimoja kitiwe alama kinapomezwa. Katika hilo twaona vijana wetu wanaojua kusoma vyema wana nafasi kubwa ya kuwatumikia wazazi wao.

Usiku wa kwanza na wa pili huwadanganya wengi. Ile ganzi iliyotiwa gotini huisha baada ya saa kadhaa, na maumivu huja kwa ghafla. Asiyejua hudhani kuwa kuna kitu kimeharibika. Dawa na zimezwe kwa saa zake kabla maumivu hayajapanda, mguu uinuliwe, barafu iliyofungwa kitambaa iwekwe. Lakini mto usiwekwe chini ya goti lenyewe hata kama mgonjwa aomba, kwa kuwa goti litajifunza kupinda na kukataa kunyooka. Na mazoezi yaanze siku ile ile. Kumhurumia mzee kwa kumwachia alale siku nzima ni kumdhulumu.

Dalili za hatari kila mtu wa nyumba azijue. Wekundu unaoenea, usaha au maji yanayoendelea kutoka katika jeraha, na homa, vyaweza kuwa usaha wa ndani. Uvimbe na maumivu ya shavu la mguu vyaweza kuwa damu iliyoganda. Kubanwa kifua na kukatika pumzi ni jambo la dakika, si la kungoja asubuhi. Nambari ya simu ya hospitali iandikwe ukutani. Na aishiye mbali na hospitali, au mahali ambapo gari haipatikani usiku, twamshauri alale huko huko siku moja au mbili. Salama ni bora kuliko upesi.

Neno moja pia kwa jamaa na majirani. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye, lakini ziara ni ya kumpumzisha, si ya kumchosha. Wasije watu kumi kwa mara moja, wala asije mwenye mafua. Atakaye thawabu zaidi na apike chakula, au akae na mgonjwa saa mbili ili binti wa nyumba apate kulala.

JE, NITAWEZA KUSUJUDU?

Hili ndilo swali ambalo halimo katika karatasi nyingi za hospitali, nalo ndilo la kwanza katika moyo wa mzee wetu. Twalijibu kwa ukweli. Goti la bandia kwa kawaida hupinda kiasi cha nyuzi 110 hadi 120. Hiyo yatosha kwa kutembea, kupanda ngazi na kukaa kitini. Lakini kikao cha tahiyatu na kushuka kusujudu juu ya msala hutaka goti lipinde zaidi ya hapo. Wako wanaorudi kupiga magoti juu ya kitu laini baada ya miezi, kwa ruhusa ya daktari wao. Na wako wengi ambao hawawezi, au huhisi vibaya juu ya kovu. Kwa hiyo apasuliwaye kwa tamaa ya kurudi chini kwenye msala peke yake, huenda akavunjika moyo. Amwulize daktari wake mapema, kwa maneno ya wazi, hata amwonyeshe jinsi tunavyokaa.

Lakini pia asihuzunike. Imran bin Huswayn (r.a.), sahaba aliyekuwa na ugonjwa wa bawasiri, alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala, akaelekezwa kuwa asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, na asipoweza, kwa ubavu. Na wanazuoni wameweka kanuni kuwa lile aliwezalo mtu haliondoki kwa sababu ya lile asiloliweza. Kwa hiyo awezaye kusimama na asimame, kisha akae kitini kwa yale yaliyomshinda. Kiti kile kile alichokidharau huenda kikawa ndio msala wake.

Mambo mengine ya dini yaulizwe kabla ya siku ya kazi, si siku yenyewe. Sindano ya kuzuia damu isigande, iitwayo enoksaparini, hutengenezwa kutokana na matumbo ya nguruwe. Ziko badala zake, kama vidonge vya rivaroksabani na apiksabani, au aspirini kwa baadhi ya wagonjwa. Mwambieni daktari mapema, naye ataangalia kinachofaa. Na kama hapana badala, waulizeni masheikh juu ya hukumu ya dharura. Ama udhu haulifikii goti. Lakini katika josho, namna ya kupangusa juu ya bandeji nayo iulizwe. Mwanamke atakaye kuhudumiwa na wanawake na aseme tangu mwanzo. Na kama Ramadhani i karibu, siku ya kazi isogezwe mbele au nyuma, ili mgonjwa apate kula na kumeza dawa zake kwa saa, kisha alipe siku zake akipona.

MIZANI

Tumalize kwa kuyaweka yote katika mizani. Magoti mengi hudumu: hesabu zilizokusanywa na kutangazwa mwaka 2019 zaonyesha kuwa kama 82 katika kila magoti mazima 100 bado hufanya kazi baada ya miaka 25, na ya upande mmoja ni kama 70. Usaha wa ndani huwapata kama mmoja katika kila watu 100, na ukipata huwa msiba mrefu. Na hata kazi ikienda vizuri, mmoja katika kila watano hivi hasemi kuwa ameridhika, aidha kwa sababu maumivu yamebaki, au kwa sababu alitumaini goti la ujana. Majuma sita ya mwanzo ni mazito, na kupona kabisa huchukua hata mwaka.

Ama yule Bi. Mkubwa wetu, hawakuharakisha. Alifanya mazoezi miezi minne, na nguvu za mapaja zikarudi, lakini usingizi haukurudi. Ndipo wote wakakubaliana. Mwana alichukua likizo ya kazi wiki mbili ili awe yeye wa usiku, na kitanda kikashushwa sebuleni. Alipasuliwa asubuhi. Magharibi, aliposimamishwa, kizunguzungu kilimshika, na wauguzi wakamzuia alale. Mwana alikasirika, akaona ahadi imevunjwa. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi sikuja hapa kushindana na jua." Kesho yake adhuhuri alirudi nyumbani kwa miguu yake na magongo mawili.

Leo hulala usiku mzima, huenda sokoni, na husali kwa kusimama mpaka arukuu, kisha hukaa kitini kwake. Kushuka chini hakuweza, na hilo aliambiwa kabla, kwa hiyo halikumvunja moyo. Msala wake ameutandika mbele ya kiti, na wajukuu zake husujudu juu yake.

Basi, enyi wazazi, msiyafiche maumivu yenu mpaka miguu ipinde. Na enyi vijana, msiwaamulie wazazi wenu kabla hamjawauliza wanataka nini, wala msikubali kitanda kihamie nyumbani kabla hamjajua nani atakesha kando yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atupe sisi subira ya kuwahudumia. Amin.